Maneno Kati ya Nyimbo: Maonyesho ya Muziki na Historia ya Kiswahili Katika Kuluba na Nile Magharibi

Ikisiri

Historia ya Kiswahili nchini Uganda imeandikwa zaidi kwa kutegemea nyaraka za serikali, kumbukumbu za wamishonari na maazimio ya sera. Nyaraka hizo zimezaa simulizi moja iliyozoeleka, kwamba Kiswahili kiliingia Uganda kikiwa lugha ya askari na kikabaki lugha ya kuogopwa. Makala haya yanaiangalia upya simulizi hiyo kupitia chanzo ambacho hakijapewa uzito wa kutosha: kumbukumbu za watu waliohudhuria maonyesho ya muziki. Mjadala unajikita katika Kuluba, wilayani Koboko, na eneo zima la Nile Magharibi, ambako mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Kongo inakutana. Hoja kuu ni kwamba kambi iliyoibeba lugha ya amri ndiyo iliyoibeba lugha ya dansi. Aidha, ushahidi wa matumizi ya Kiswahili jukwaani haumo katika nyimbo peke yake, bali pia katika maneno yaliyosemwa kati ya nyimbo. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa wanasera, wakati huu ambapo Uganda inatekeleza uamuzi wa kufundisha Kiswahili katika shule zote.

1.0 Utangulizi

Kuluba ni kata ya wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi kabisa mwa Uganda. Kutoka huko, mpaka wa Sudan Kusini uko karibu, na mpaka wa Kongo hauko mbali. Mahali panapoitwa Salia Musala, wilayani humo humo, nchi hizo tatu zinakutana. Wakakwa, ambao ndio wenyeji wakuu wa eneo hilo, wanaishi pande zote tatu. Kikakwa husikika sambamba na Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kibangala na Kilingala kutoka Kongo, Kiingereza cha shule na Kiswahili. Kwa mtafiti wa lugha, eneo hili ni darasa. Kwa mtunga sera, ni mtihani: kila lugha iliyopangwa Kampala hufika hapa na kukuta nyingine zimekwisha kukaa.

Ripoti rasmi zinapoeleza nafasi ya Kiswahili katika eneo hili, hutaja jeshi, polisi na biashara ya mpakani. Muziki hutajwa kwa nadra, kana kwamba ni pambo. Hata hivyo, mtu akiulizwa ni lini alisikia lugha fulani ikisemwa mbele ya umati, bila hofu na bila daftari la mwalimu, mara nyingi atalikumbuka onyesho kabla ya kuikumbuka hotuba. Atakumbuka kiingilio na mahali pa kusimama, aliyeandamana naye, na namna kiongozi wa bendi alivyousalimu umati. Kumbukumbu ya namna hiyo haina tarehe kamili kila wakati, lakini ina jambo ambalo nyaraka hazina: inaeleza lugha ilivyopokelewa.

Makala haya yanatetea hoja kwamba kumbukumbu hizo ni chanzo halali cha historia ya lugha, na kwamba kuziacha nje ya mipango ya sasa ni hasara kwa sera yenyewe. Mjadala unaanza na suala la vyanzo, unapitia vipindi vitatu vya historia, kisha unarudi Kuluba ya leo.

2.0 Onyesho kama chanzo cha historia ya lugha

Wanahistoria wa muziki wa Afrika Mashariki wametegemea sana sahani za santuri. Santuri ina faida zake: ina jina la bendi, jina la wimbo na aghalabu mwaka. Kwa historia ya lugha, hata hivyo, santuri inaweza kupotosha. Inahifadhi wimbo na kuyaacha yote yaliyouzunguka ulipopigwa mbele ya watu. Bendi inayoimba Kilingala kutoka mwanzo hadi mwisho wa sahani inaweza jukwaani kuukaribisha umati kwa Kiswahili, kutangaza wimbo unaofuata, kumshukuru aliyetoa fedha, kumtafuta mtoto aliyepotea na kuwaonya vijana wanaosukumana mlangoni. Maneno hayo kati ya nyimbo ndiyo kazi halisi ya lugha ya mawasiliano mapana. Hayakuandikwa na mtunzi yeyote, wala hakuna kampuni iliyoyauza. Yamebaki kwa waliokuwapo.

Mifano miwili ya kumbukumbu zilizohifadhiwa inaonyesha ukubwa wa pengo hilo. Wa kwanza ni tamasha la Kinshasa la tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, lililoandaliwa kuambatana na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Kwa siku tatu walipanda jukwaani James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz, Franco na Tabu Ley Rochereau, miongoni mwa wengine. Pambano lenyewe liliahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba kwa sababu Foreman aliumia mazoezini, lakini muziki haukusubiri. Tamasha hilo lilirekodiwa kwa kamera nyingi. Hata hivyo, filamu inayolihusu hasa, Soul Power, ilitoka mwaka 2008, miaka 34 baadaye. Ikiwa tamasha lililogharimiwa na kutangazwa duniani kote lilisubiri kizazi kizima kabla ya kuonekana, onyesho la usiku mmoja katika mji wa mpakani halina tumaini la kuhifadhiwa ila katika vichwa vya watu.

Mfano wa pili ni wa Kampala. Mwaka 2015, katika hifadhi ya Shirika la Utangazaji la Uganda, zilipatikana negativu za picha zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za enzi ya utawala wa Idi Amin. Sehemu yake ilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Ni hazina kubwa kwa historia ya siasa, lakini picha haina sauti. Mtazamaji anaweza kumwona mtu ameinua kinywa mbele ya kipaza sauti bila kujua alikuwa akitamka lugha gani. Negativu inathibitisha kwamba sherehe ilifanyika, ila swali la lugha linabaki kwa shahidi aliye hai.

Uganda haikukosa kabisa wahifadhi wa sauti. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia mwaka 1948 hadi 1957, alirekodi muziki wa jadi katika sehemu mbalimbali za nchi. Rekodi zake zimehifadhiwa British Library mjini London, na nakala za kidijitali zimerejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere. Lengo la kazi ya aina hiyo lilikuwa ala na mitindo ya kila jamii. Lugha iliyotumiwa na watu wa jamii tofauti walipokutana katika tafrija moja haikuwa shabaha yake. Kwa hiyo Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya jadi ya kabila lolote la Uganda, kilipita katikati ya vyanzo: hakikuwa cha kijadi kiasi cha kurekodiwa na wataalamu wa jadi, wala cha kibiashara kiasi cha kurekodiwa na wenye viwanda vya santuri.

3.0 Kambi na ngoma: kutoka beni hadi Burma

Eneo la Nile Magharibi liliingia Uganda kwa kuchelewa. Kuanzia mwaka 1894 lilikuwa sehemu ya Lado, ardhi iliyokodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake mwaka 1909, Lado ilirudishwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Arua ilianzishwa mwaka huo huo ikiwa makao ya wilaya mpya. Eneo hilo likageuzwa kuwa chimbuko la nguvukazi. Vijana wake waliondoka kwenda mashamba ya miwa ya Busoga na Buganda, au waliandikishwa katika kikosi cha nne cha King's African Rifles, yaani KAR, kikosi cha Uganda.

Askari wa kwanza wa jeshi hilo upande wa Uganda walikuwa Wanubi, waliokuwa wa Emin Pasha na kuchukuliwa na Lugard mwaka 1891. Walikuja na Kinubi chao pamoja na ngoma zao, ikiwemo doluka inayochezwa na wanawake. Jeshi lilipozidi kuchanganya watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, Kiswahili kilichukua nafasi ya lugha ya kambi. Wataalamu wanaijua lahaja hiyo kwa jina la Ki-KAR. Ni Kiswahili kilichopunguziwa upatanisho wa kisarufi, chenye amri nyingi na adabu kidogo. Waliokisikia kikitoka kinywani mwa askari mwenye bunduki hawakuwa na sababu ya kukipenda.

Lakini kambi haikuwa uwanja wa gwaride tu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameonyesha jinsi ngoma hiyo ilivyozaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga bendi za tarumbeta za kijeshi, vyeo vyake na sare zake. Beni iliimbwa kwa Kiswahili. Vyama vyake, Arinoti na Marini miongoni mwao, vilishindana kwa mavazi, kwa mpangilio na kwa ufundi wa maneno. Vita Kuu ya Kwanza vilipowakusanya askari na wapagazi kutoka kila upande, beni iliingia bara pamoja nao. Jambo la kuzingatia hapa ni mpangilio wa matukio. Kiswahili hakikwenda bara kama lugha ya amri kisha baadaye kikapata muziki. Amri na muziki vilisafiri pamoja, mara nyingi katika kinywa cha mtu yule yule: mchana akiitikia amri za kwata, usiku akiigeuza kwata hiyo kuwa mchezo.

Hali hiyo ilijirudia katika Vita Kuu ya Pili. KAR iliunda kikundi cha burudani chenye vijana wa Kiafrika waliopiga gitaa na ala nyingine, wakapelekwa Asia kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipigana na Wajapani huko Burma. Baada ya vita, baadhi yao walibaki pamoja na kuanzisha bendi iliyojulikana kwa jina la Rhino Boys. Bendi hiyo inahesabiwa miongoni mwa vitangulizi vya muziki wa dansi wa Kiswahili. Askari waliotumbuizwa walitoka kila pembe ya Afrika Mashariki, wakawa hadhira ya kwanza kubwa ya kuchanganyika katika historia ya muziki huo. Askari wa Kikakwa au wa Kilugbara hakuhitaji kujua lugha ya mwimbaji wa pwani, wala mwimbaji hakuhitaji kujua Kilugbara. Kiswahili kilikuwa kati yao, na safari hii hakikuwa kimeshika kiboko.

Ushahidi huu unatosha kuonyesha kwamba mgawanyo uliozoeleka, Kiswahili cha bunduki upande mmoja na Kiswahili cha utamaduni upande mwingine, hauna msingi katika historia ya eneo lililotoa askari wengi kama Nile Magharibi. Mkongwe aliyestaafu jeshini na kurudi kijijini Koboko alirudi na vyote viwili.

4.0 Miaka ya 1970: amri, bendi na kuondoka

Tarehe 7 Agosti 1973, Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Uamuzi huo ulifuata mashauriano ya wawakilishi wa wilaya, ambapo wilaya 12 zilikichagua Kiswahili na 8 zikachagua Kiluganda. Amin mwenyewe alikuwa na asili ya Nile Magharibi na alikuwa ametumikia KAR tangu mwaka 1946. Katika kumbukumbu ya Waganda wengi, jina lake na lugha hiyo vilifungamana. Kiswahili kikawa lugha ya kizuizi cha barabarani, ya kubisha mlango usiku wa manane, na ya tangazo la redio ambalo hakuna aliyethubutu kulihoji.

Dola hiyo hiyo ilipenda muziki. Katika filamu ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974 kuhusu Amin, rais huyo anaonekana akipiga kodiani. Kikosi cha jeshi kilichoitwa Suicide kilikuwa na bendi yake ya jazi, na Sarah Kyolaba, aliyekuwa mnenguaji wa bendi hiyo, aliolewa na Amin mjini Kampala mwaka 1975, wakati wa mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Bendi ya jeshi ilikuwa sehemu ya utawala. Iliburudisha, na wakati huo huo ilionyesha nani mwenye nguvu. Mtu aliyekwenda kuitazama aliweza kufurahi na kuogopa katika usiku mmoja.

Sambamba na bendi za dola zilikuwapo bendi za wahamaji. Wanamuziki wa Kongo walikuwa wamezoea kuelekea mashariki kutafuta soko, na Kampala ilikuwa moja ya vituo vya njia hiyo. Orchestra Makassy ilianzia Kampala kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipiga muziki Kampala na kundi la Les Kinois kabla ya kwenda Nairobi mwaka 1977, ambako baadaye aliunda Orchestra Virunga. Wote wawili waliondoka katika miaka ambayo vurugu za utawala na kuporomoka kwa uchumi viliyafanya maisha ya usiku kuwa ya hatari. Walikokwenda waliimba kwa Kilingala na kwa Kiswahili, na leo majina yao yanahesabiwa katika historia ya muziki wa Kenya na Tanzania. Uganda ilibaki na bendi zake, Afrigo iliyoundwa mwaka 1975 ikiwa mfano wa uvumilivu, lakini ilipoteza sehemu ya muziki wa Kiswahili ambao ungeweza kukomaa ndani ya mipaka yake.

Hapa pana kinaya ambacho wanasera hawana budi kukitafakari. Utawala ulioinua Kiswahili kwa tangazo ndio uliowafukuza, kwa hofu, watu waliokuwa wakikifanya kipendwe. Tangazo lilibaki bila jukwaa, na lugha iliyopewa hadhi ya taifa ikakosa mahali pa kusemwa kwa furaha.

Vita vya Kagera vilifunga kipindi hicho. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Majeshi ya Tanzania yalisonga kaskazini, na tarehe 3 Juni 1979 yakafika mpaka wa Sudan. Vita vilivyoanzia Kagera vilikwisha katika kona ile ile ya nchi ambayo Koboko na Kuluba zimo. Jeshi lililokuja nalo lilizungumza Kiswahili, tena Kiswahili cha shule na cha redio, na nyumbani lilikuwa na bendi yake ya dansi, Mwenge Jazz. Kwa hiyo, katika miaka minane, mwananchi wa Koboko alikisikia Kiswahili kutoka kwa majeshi mawili yaliyokuwa maadui. Lugha moja ilikuwa na nyuso mbili, na wote waliokisema walitoka katika majeshi yaliyokuwa na magitaa.

Kilichofuata hakikuwa muziki. Kati ya mwaka 1980 na 1981, mashambulizi na ulipizaji kisasi viliwalazimu wakazi wengi wa Koboko na Arua kukimbilia Sudan na Zaire. Mauaji ya tarehe 24 Juni 1981 katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, yamebaki jeraha la eneo zima. Historia ya maonyesho ya muziki haina budi kuvihesabu vipindi kama hicho pia. Ukimya wa jukwaa ni ushahidi, kwa maana unaonyesha wakati ambapo watu waliogopa kukusanyika.

5.0 Kuluba: kutoka kukimbia hadi kupokea wanaokimbia

Uhamisho ulipanua hazina ya lugha ya Wakakwa na majirani zao. Waliokwenda Yei walizoea Kiarabu cha Juba, na waliokwenda upande wa Aru na Aba walizoea Kibangala. Waliporudi, kuanzia miaka ya 1980 na kuendelea, walirudi wakiwa hadhira nyingine. Rumba ya Kongo haikuwa tena muziki wa kigeni uliosikika redioni. Ilikuwa muziki wa mahali walipoishi, walipofiwa na walipooa. Koboko ilipofanywa wilaya mwaka 2005, na barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa takriban kilomita 92, ilipowekwa lami, mpaka uliacha kuwa mwisho wa nchi. Lori la bidhaa lilipita hapo, na lori la vyombo vya muziki liliweza kupita pia.

Kisha historia ikajigeuza. Mapigano yaliyozuka upya Juba mwezi Julai 2016 yaliwasukuma watu wa Yei na vijiji vyake kuelekea kusini. Kuluba ikawa mahali pa kuwapokea: wakimbizi walioingia kupitia mpaka wa Koboko walikusanywa hapo, wakaandikishwa na kupelekwa katika makazi. Wengi wa waliopokea walikuwa wana na wajukuu wa watu waliopokewa Yei miaka 35 kabla. Makazi ya Bidi Bidi, katika wilaya jirani ya Yumbe, yalifunguliwa mwezi Agosti 2016, na kabla ya mwaka kwisha yalikuwa na zaidi ya watu 250,000. Kufikia Agosti 2017, Uganda ilikuwa imepokea wakimbizi milioni moja kutoka Sudan Kusini.

Ni katika Bidi Bidi ambapo jukwaa la kudumu limesimama. Katika miaka ya 2020 kilijengwa hapo kituo cha sanaa za maonyesho chenye ukumbi wa duara, chumba cha mafunzo na kurekodi muziki, na paa lililobuniwa kukinga maji ya mvua kwa matumizi ya wakazi. Matofali yake ni ya udongo wa hapo hapo. Jengo hilo lina maana kubwa kwa hoja ya makala haya. Watu waliopita Kuluba wakiwa na mizigo kichwani sasa wana ukumbi ambao miji mingi ya Afrika Mashariki haina. Wanaoketi humo hawana lugha moja ya mama. Kila onyesho linamlazimu mtangazaji kuamua, kabla ya wimbo wa kwanza, awasalimu watu kwa lugha gani. Uamuzi huo mdogo, unaorudiwa kila wiki, ni sera ya lugha inayotekelezwa bila waraka.

Muziki wa jadi wa eneo hili nao umekwisha kutambuliwa kimataifa. Mwaka 2016, UNESCO iliuorodhesha muziki na ngoma ya zeze la bakuli la Wamadi katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Muziki huo hupigwa harusini, katika maombolezo, katika kupatanisha familia na katika kuwafunza watoto historia. Utambuzi huo unakumbusha kwamba katika Nile Magharibi tafrija haikuwahi kutenganishwa na mambo mazito. Anayeuliza habari za ngoma anauliza pia habari za ndoa, msiba na usuluhishi.

6.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba lugha ya muziki katika eneo hili ni Kilingala na lugha za wenyeji, na kwamba kumpa Kiswahili nafasi ni kuipotosha historia. Pingamizi hili lina nguvu endapo ushahidi ni santuri. Haliwi na nguvu hiyo endapo ushahidi ni onyesho zima. Makala haya hayadai kwamba Kiswahili kilitawala nyimbo. Yanadai kwamba swali la lugha liulizwe kuhusu kila kilichosemwa mahali pale: mlangoni, jukwaani, kwenye meza za vinywaji na njiani kurudi nyumbani. Jibu linaweza kuwa Kiswahili, Kiarabu cha Juba au mchanganyiko. Hata mchanganyiko huo ni maarifa ambayo sera ya sasa haina.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, si kuwadhulumu waathirika kuzungumzia dansi ya askari, wakati askari hao hao waliua? Jibu haliwezi kuwa la haraka. Kukumbuka kwamba kambi ilikuwa na bendi hakufuti kilichotendeka Ombaci wala katika vyumba vya mateso vya Kampala. Lakini kukumbuka hofu peke yake kunampa askari umiliki wa lugha nzima. Mjane wa askari wa KAR aliyejifunza Kiswahili kwa nyimbo za mumewe, na kijana aliyekijua kupitia bendi za Nairobi, nao wana haki katika historia hiyo. Kuwanyima nafasi hakumsaidii mwathirika yeyote.

7.0 Maana yake kwa sera

Kisheria, njia imekwisha kufunguliwa. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwezi Novemba 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwezi uliofuata ikaiorodhesha rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Jumuiya, na likaelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Hivyo Salia Musala, iliyokuwa pembe ya mbali, sasa ni mahali ambapo nchi tatu wanachama wa Jumuiya zinagusana.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kumbukumbu za maonyesho zikusanywe sasa kwa wazee wa Koboko, Arua na Yumbe, wakiwemo wakimbizi, kwa maswali mahususi kuhusu lugha: nani alitangaza, aliusalimu vipi umati, watu waliitikia kwa lugha gani, nani hakuelewa. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1975 amekwisha kuvuka 65, na kazi hii haiwezi kungoja mpango wa miaka kumi. Pili, hifadhi zilizopo ziunganishwe. Negativu za Shirika la Utangazaji na nakala za Wachsmann zilizo Makerere zirudishwe mbele ya wananchi wa maeneo zilikotoka, ili wanaozitambua sura na sauti waongeze yale ambayo karatasi haikuandika. Tatu, ufundishaji wa Kiswahili katika Nile Magharibi uanzie jukwaani kadiri unavyoanzia ubaoni. Kumbi kama ule wa Bidi Bidi, na mikutano ya muziki ya shule za pande tatu za mpaka, zinaweza kumpa mwanafunzi sababu ya kusema kabla hajapewa mtihani wa kuandika.

8.0 Hitimisho

Historia ya Kiswahili katika Kuluba na jirani zake inaonyesha kwamba lugha hii imewahi kuamriwa, kuchezwa, kunyamazishwa na kurejea. Imewahi pia kupewa hadhi kubwa wakati ikipoteza waimbaji wake. Funzo la mwaka 1973 ni kwamba tangazo linaweza kuipa lugha cheo, ila haliwezi kuipa hadhira. Uamuzi wa mwaka 2022 unaweza kwenda njia hiyo hiyo endapo utafika Koboko ukiwa na vitabu na wakaguzi tu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kwa miongo mingi Kiswahili kimecheza Nile Magharibi kikiwa mgeni, aghalabu kikiwa na sare. Iwapo kitaruhusiwa kucheza kwao huko, watakaokituza ni wale watakaouliza, kabla ya wazee kuondoka, umati ulisalimiwa kwa maneno gani, na ukaitikia nini.